Mwendo wa Njia Nzima

Liko somo moja la hesabu ambalo kila mwaka nalifundisha kwa moyo mzito. Ni somo la mwendo, umbali na wakati. Wanafunzi huliona jepesi, maana kanuni yake ni fupi: ukigawanya umbali kwa wakati, wapata mwendo wa wastani. Huiandika kanuni hiyo katika madaftari yao, huipigia mstari kwa wino mwekundu, kisha hungoja swali la kwanza. Nami nigeukapo ubaoni kuliandika swali hilo, huikumbuka safari moja niliyoifanya mwaka 2018 kutoka Nakuru kwenda Eldoret, na mtoto mmoja ambaye hata jina lake silijui.

Wakati ule nilikuwa kijana mwenye cheti cha chuo cha ualimu mkobani, lakini asiye na kazi ya kudumu. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili katika shule moja ya Eldoret, saa nane kasorobo mchana. Matatu niliyoipanda ilikawia kujaa, ikaondoka Nakuru saa sita kasorobo. Basi nilikuwa na saa mbili kamili za kwenda kilomita 150 hivi. Lau ningalitoa kalamu nikapiga hesabu, ningaliona kwamba wakati ulitosha. Lakini hofu haina kalamu. Nilitazama saa, nikatazama barabara, nikatazama tena saa.

"Bwana dereva," nikasema, "tafadhali kaza mwendo. Nina usaili, na wenye kazi hawamngoji mtu."

"Usiwe na shaka, mwalimu," akanijibu. "Utafika."

Karibu yangu aliketi mama mmoja mzee, amempakata mjukuu wake. Aliniangalia kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, hao waliokuita wamekuita ukiwa mzima."

Nilitabasamu kama vijana watabasamuvyo kwa maneno ya wazee, nikanyamaza.

Dereva alitimiza ahadi yake. Sheria ya Kenya yaamuru magari ya abiria yasipite mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na matatu ile ilipaswa kuwa na kidhibiti mwendo cha kulizuia gari lisipite hapo. Kama kilikuwamo, basi kilikuwa kimelala usingizi. Mara kwa mara niliona mshale umepita 110. Tulipokaribia Timboroa lori lililotoka mbele likatuwashia taa mara mbili. Utingo akasema neno moja tu, "Wapo." Dereva akapunguza mwendo. Tulipopinda kona tukawakuta polisi wawili kando ya barabara, mmoja ameshika kipima mwendo. Tukapita mbele yao taratibu, kwa adabu, kama watu wapitao karibu na nyumba yenye msiba. Kipima mwendo hakikuona kosa, kwa sababu wakati ule halikuwako kosa la kuonwa. Tulipokwisha kuipita kona ya pili, dereva akarudia mwendo wake wa kwanza. Nakiri kwamba nilimwona kuwa stadi.

Hatukwenda mbali. Tuliingia katika soko dogo, ambamo sheria yataka mwendo usiopita kilomita 50 kwa saa. Mvulana wa miaka kumi hivi, amevaa sare ya shule, alikuwa akivuka barabara na mtungi wa plastiki uliojaa maji. Nilisikia breki zikilia, gari likayumba, mama akamkumbatia mjukuu wake, kisha kitu kikapasuka chini ya gurudumu. Tuliposimama na kutazama nyuma, tulimwona mvulana amesimama ukingoni, mikono yake miwili ikiwa wazi, na maji yakitiririka juu ya lami. Kilichopasuka kilikuwa mtungi. Mtoto hakulia. Alikuwa akiutazama mtungi wake, kama kwamba aliogopa zaidi atakayoambiwa nyumbani kuliko yaliyompita.

Mama mzee alishuka, akafungua pindo la kanga yake, akampa fedha za kununua mtungi mwingine, akamshika kichwa na kumwambia maneno ambayo sikuyasikia. Dereva alikaa kimya, mikono yake ikitetemeka juu ya usukani. Nami, Mungu anisamehe, nilitazama saa.

Nilifika penye lango la shule saa saba na dakika 22. Mlinzi aliniambia kwamba wasaili walikuwa wakila chakula cha mchana. Nikakaa juu ya jiwe chini ya mti dakika 23, sina la kufanya. Kazi niliipata, na ndiyo niifanyayo hata leo. Walakini dakika zile 23 hazijaniondoka.

Tupige hesabu pamoja, na tuseme kwamba njia ile ilikuwa kilomita 150 kamili. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, njia hiyo huchukua dakika 112 na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huchukua dakika 90. Vituo vyetu vyote vya njiani, pamoja na kile cha sokoni, vilitupotezea dakika 7. Kama dereva angaliishika sheria tangu mwanzo hadi mwisho, ningalifika nusu dakika kabla ya wakati wangu. Basi zile dakika 22 na nusu tulizozipata kwa mbio hazikuninunulia kazi. Zilininunulia kukaa juu ya jiwe. Na bei yake yapimika. Nishati ya gari liendalo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Gari lenye mwendo wa 100 hubeba nishati zaidi ya mara moja na nusu ya ile libebayo likiwa na mwendo wa 80, na nishati hiyo yote sharti imezwe na breki, au na kitu kingine kilicho mbele.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za barabara moja ya Uskoti iitwayo A9, nikafahamu kwamba jambo lililonisumbua mimi lilikuwa limewasumbua watu wengine, tena wakalitafutia dawa. Sehemu yake moja yatoka Perth yaenda Inverness, mwendo wa maili 110 hivi, yaani karibu kilomita 180, ikipita katika milima na nyika zenye watu wachache. Mahali pengine ni pana, yenye njia mbili kila upande. Mahali pengine ni nyembamba, na atakaye kulipita lori hana budi kuingia katika njia ya wanaokuja. Wenyeji waliifahamu kwa vifo vyake. Ndipo tarehe 28 Oktoba 1914 ilipokuwa imepita miaka mia moja kamili, yaani tarehe 28 Oktoba 2014, zilipoanza kazi kamera za kupima mwendo wa wastani kutoka Dunblane, kusini ya Perth, mpaka Inverness.

Yafaa nieleze tofauti ya kamera hizo na zile za kawaida. Kamera ya kawaida, sawasawa na kipima mwendo cha polisi wetu wa Timboroa, humwuliza dereva swali moja tu: sasa hivi wendaje? Dereva aliyeonywa hujibu vizuri kwa muda wa mita mia mbili, kisha huendelea na desturi yake. Kamera za wastani ni mbili au zaidi, nazo zimetengana kwa kilomita nyingi. Ya kwanza husoma namba ya gari na kuandika saa lilipopita. Ya pili husoma namba ile ile na kuandika saa nyingine. Kompyuta huugawanya umbali kwa wakati, kama wafanyavyo wanafunzi wangu, na jibu hupatikana. Swali lake ni hili: umetumia muda gani toka pale hadi hapa?

Chukua kamera mbili zilizotengana kwa kilomita 20, katika barabara yenye mpaka wa kilomita 80 kwa saa. Asiyevunja sheria hawezi kufika ya pili kabla ya dakika 15. Akifika kwa dakika 12, mwendo wake wa wastani ulikuwa 100, na hakuna awezaye kuwa na wastani wa 100 bila ya kuipita 80 mahali fulani njiani. Haifai kitu kupunguza mwendo mbele ya kamera. Tena, akienda kilomita 10 za kwanza kwa mwendo wa 120, atatumia dakika 5. Na ili asishikwe, sharti azivute kilomita 10 zilizobaki kwa dakika 10, yaani kwa mwendo wa 60. Mbio zake zitakuwa zimempa nini? Hazikumpa hata dakika moja. Hapa ndipo ilipo hekima ya chombo hiki: haimtishi mtu kwa adhabu tu, bali huiondoa faida ya kosa lenyewe.

Wanafunzi walio bwenini watanielewa upesi. Mwalimu wa zamu akipita dirishani mara moja wakati wa masomo ya jioni, vichwa vyote huinama vitabuni. Akitoweka, soko hufunguliwa. Lakini mwalimu yule ambaye hapiti dirishani, bali mwisho wa jioni huomba daftari ili aone kurasa zilizoandikwa, huyo hapunjwi kwa urahisi.

Ajabu ni kwamba kamera za A9 zilipingwa sana kabla hazijawashwa. Miongoni mwa wapinzani alikuwamo Danny Alexander, mbunge wa sehemu za Inverness, aliyekuwa pia katika baraza la mawaziri la Uingereza. Wapinzani walisema kwamba kinachoua si mwendo pekee, bali ni hasira ya dereva aliyekwama nyuma ya lori, akajitosa kulipita mahali pasipofaa. Dawa ya hasira hiyo, walisema, ni kuipanua barabara yote iwe na njia mbili kila upande. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Serikali ya Uskoti yenyewe iliikubali kwa kiasi fulani, maana siku zile zile ilipandisha, kwa majaribio, mpaka wa mwendo wa malori makubwa katika sehemu nyembamba za kati ya Perth na Inverness, kutoka maili 40 hadi maili 50 kwa saa, ili tofauti kati ya lori na motokaa ipungue na kishawishi cha kupita kipungue pia.

Matokeo yakawaje? Kabla ya kamera, katika kila madereva watatu mmoja alikuwa akivunja mpaka wa mwendo. Baada ya kamera, ikawa mmoja katika kila madereva 15. Desturi ya watu ilibadilika. Na habari za Uingereza nzima zaunga mkono jambo hilo. Mwaka 2016 taasisi iitwayo RAC Foundation ilitoa ripoti iliyochunguza sehemu 25 za barabara zilizowekwa kamera za wastani. Ilionekana kwamba ajali za vifo na za majeraha mabaya zilipungua kwa asilimia 36 hivi, na ajali zote zenye majeruhi zikapungua kwa asilimia 16 hivi.

Lakini mwanafunzi wa hesabu asikubali tarakimu kabla hajaiuliza maswali. Kamera aghalabu huwekwa mahali ambapo ajali zimezidi. Sasa, mwanafunzi ambaye kwa kawaida hupata alama 60 akianguka siku moja akapata 35, yamkini mtihani ufuatao atapata alama nyingi zaidi, hata asipoadhibiwa wala kufundishwa upya, kwa kuwa siku ile moja ilikuwa mbaya kuliko kawaida yake. Mwalimu aliyemchapa atajisifu bure kwamba fimbo imefanya kazi. Ndivyo ilivyo kwa barabara. Mwaka mbaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na mwaka ulio afadhali, na kamera yaweza kupewa sifa isiyo yake. Watafiti wale walilijua jambo hilo. Waliiondoa sehemu ya nafuu iliyotokana na bahati, wakaiondoa pia ile iliyotokana na kupungua kwa ajali katika nchi nzima, na ile asilimia 36 ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo naamini kwamba kamera hizi huokoa watu. Siamini kwa kusikia. Naamini kwa kuona jinsi hesabu ilivyopigwa.

Hata hivyo, kuamini kwamba dawa yaponya si kuamini kwamba yaponya kila ugonjwa. Mwaka 2022, kamera zikiwa na miaka minane kazini, watu 13 walikufa katika barabara ya A9 kati ya Perth na Inverness, na wengi wao walikufa katika sehemu zile nyembamba. Serikali ilikuwa imeahidi mwaka 2011 kwamba barabara yote ingepanuliwa kufikia mwaka 2025. Mwaka 2023 ikakiri kwamba haiwezi, ikataja mwaka 2035. Waliosema kwamba kamera peke yake haitoshi walikuwa na ukweli mkononi. Waliosema kwamba haifai kitu walikosea. Mambo haya mawili hayapingani, ingawa watu wenye hasira hupenda kuyapiganisha.

Sasa turudi nyumbani. Katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Hao ni wengi kuliko wanafunzi wa shule tatu kubwa zikikusanywa pamoja. Njia ile ya kutoka Nakuru kwenda magharibi ina kumbukumbu zake chungu. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia kuyateka mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya mia moja wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, huko Migaa, karibu na Salgaa, basi na lori viligongana uso kwa uso, wakafa watu 36. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawavamia wachuuzi na magari yaliyosimama, wakafa zaidi ya watu 50.

Je, kamera ya wastani ingaliwaokoa wote hao? La. Kamera haiwezi kuzima moto wa mafuta, wala kumwondoa mchuuzi ukingoni mwa barabara na kumpa soko lililo mbali na magurudumu. Penye mteremko mrefu ambapo malori hupoteza breki, ukuta wa kutenga wanaokwenda na wanaokuja, kama ule uliojengwa Salgaa mwaka 2018, wafaa kuliko kamera kumi. Na penye soko dogo kama lile la mtoto wangu, matuta na kivuko huja mbele. Dereva aweza kuwa na wastani mwema wa kilomita 20, na bado akalipita soko lenye urefu wa mita 300 kwa mwendo wa kuua.

Kuna na jambo jingine ambalo Waskoti hawakuhitaji kulifikiria sana, nalo ni desturi ya matatu kusimama. Rudini katika hesabu yetu ya kilomita 20. Matatu ikienda kwa mwendo wa 100 itatumia dakika 12. Lakini ikisimama katikati dakika 7 kungojea abiria na kupakia magunia, itaifikia kamera ya pili baada ya dakika 19, na wastani wake utakuwa kilomita 63 kwa saa. Kamera itaipungia mkono kama gari la mtu mtakatifu. Kinyume chake, safari yetu yote, kilomita 150 kwa dakika 97 pamoja na vituo, ilikuwa na wastani wa karibu kilomita 93 kwa saa, na kamera za mwanzo na mwisho wa njia zingalitushika. Basi chombo hiki chataka kuwekwa kwa akili: katika sehemu ndefu zisizo na vituo, ambako mbio hazifichwi na kusimama. Kwingineko, kidhibiti mwendo kilichomo ndani ya gari hakina badala. Waziri John Michuki alipozitia nguvu kanuni za matatu mwaka 2004, akadai vidhibiti mwendo na mikanda kwa kila abiria, aliijua njia iliyo sawa. Kilichokuja kupungua ni uangalizi, wala si busara ya kanuni zile.

Nimewasikia watu wakisema kwamba kamera ni mtego wa kuchuma faini. Jibu langu ni kwamba mtego hufichwa. Kamera za Uingereza zimepakwa rangi ya manjano na kutanguliwa na vibao vya kuonya; na dalili ya kamera iliyofaulu ni kwamba faini zake ni chache. Tena, kamera hairefushi mazungumzo na dereva kando ya barabara, wala haina mkono wa kupokelea. Wengine husema kwamba si haki kuandika namba za magari ya watu wasio na kosa. Neno hilo nalipa heshima zaidi. Nchi iliyo na sheria ya kulinda habari za watu, kama sisi tangu mwaka 2019, yapaswa kuhakikisha kwamba namba ya asiyekosa yafutwa, wala haigeuzwi kuwa njia ya kumfuata mtu aendako. Usalama ni haki, na faragha ni haki. Serikali hailipwi ili ichague moja na kuitupa nyingine.

Basi, nikiulizwa kama kamera za wastani huongeza usalama katika barabara kuu za mashambani, nasema ndiyo, kwa kiasi kinachopimika, mahali zinapostahili, na pamoja na mengine: ukuta, tuta, kivuko, breki nzima, na polisi asiyenunulika. Hilo ndilo jibu la mwalimu wa hesabu.

Lakini mwaka jana nilipokwisha kuyasema haya yote darasani, pamoja na habari ya mtungi, msichana mmoja aketiye nyuma, asiyezoea kuuliza, aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "kamera ikimshika dereva, atatozwa faini. Je, abiria aliyemwambia akaze mwendo atatozwa nini?"

Darasa likacheka, kisha likanyamaza, maana waliniona mimi sicheki. Niliwaza kumjibu kwa maneno ya mzaha, nikaona haifai. Nikamwambia ukweli: hatozwi kitu. Kamera husoma namba ya gari, wala haisomi midomo ya waliomo. Dereva wa siku ile alikuwa na kosa, na sitamtetea. Lakini mguu wake ulikanyaga kwa sababu ya neno langu. Kama mvulana angaliuawa, jina la dereva lingeandikwa katika vitabu vya mahakama. Langu lingeandikwa katika orodha ya mashahidi, na ningetoa ushahidi juu ya mwendo wa gari kana kwamba mwendo ule haukunihusu.

Nikawaambia pia lile nifanyalo tangu siku ile. Nikiwa na safari, naondoka nyumbani mapema kwa saa nzima. Na nikiwa ndani ya gari linalokwenda mbio, namwambia dereva kwa sauti ya kusikika kwamba sina haraka. Mara nyingine abiria wenzangu hunikemea, kwa kuwa wao wanayo. Mara nyingine mtu mmoja huniunga mkono, na aghalabu huwa mama mzee.

Msichana yule aliitikia kwa kichwa, akaketi. Nikaufuta ubao, nikaandika swali la pili: gari limekwenda kilomita 150 kwa dakika 97, tafuta mwendo wake wa wastani.